Haikuwa Ensoni

Mwanangu Kemunto,

Sweta iko juu kabisa kwenye begi, usiitafute chini. Mengine yote, ya chakula na baridi ya Embu na marafiki wa kuchagua, baba yako na shangazi zako wamekuambia wiki nzima mpaka nimekuona ukimeza miayo. Sitayarudia. Mimi nina jambo moja tu, na nimelizunguka tangu barua ya chuo ifike, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kuna mfano unaoutoa kunihusu. Uliutoa kwenye hotuba yako ya shuleni, ukapigiwa makofi, na juzi nikakusikia ukimsimulia tena binti wa jirani pale kwenye uzio: "Mama yangu alitaka, lakini mila ilimzuia." Sasa unaenda kusomea ualimu wa historia. Utasimama mbele ya watoto wa watu na kuwaambia mambo yalivyokuwa. Sitaki uondoke na mfano huo, kwa sababu si wa kweli, na aliyekuacha uuamini ni mimi.

Nimeandika kwa Kiswahili, utanisamehe makosa. Lugha yetu naiongea, kuiandika hakuna aliyenifundisha. Tena kwa lugha yetu ningeona haya mapema sana, nikaiacha karatasi. Kiswahili kina umbali kidogo, kama mgeni wa sebuleni, na leo nauhitaji umbali huo.

Unakumbuka ile likizo ulipokuwa ukijifunza hotuba, tukichuna chai kule chini karibu na mto? Ulikuwa ukiihutubia michai. Ulisema wanawake wa Amerika walihangaika miaka na miaka kutafuta kura, wengine wakatiwa jela, mwisho wakaipata.

Nikakuuliza, "Na siku ya kwanza, nani aliwaambia wampigie nani?"

Ulicheka mpaka ukaacha kuchuna. "Mama! Kura ilikuwa ya siri."

"Hiyo ni siri ya karatasi. Mimi nauliza siri ya nyumbani."

Ukaendelea na hotuba. Ulisema wanaume wengi waliogopa kwamba wanawake watasimama pamoja na kuipindua nchi, kumbe haikuwa hivyo. Wengi hawakwenda hata kupiga, na wengi walipiga vile nyumba zao zilivyopiga. Wasichana walikata nywele na kufupisha sketi, wakaingia maofisini kupiga taipu na kuunganisha simu za watu. Lakini mwalimu wa kike akiolewa, mahali pengi aliambiwa afunge vitu vyake aende kwa mumewe. Vikaja vita, wanaume wakaenda, wanawake wakashika mashine za viwandani. Vita vikaisha wakaambiwa asanteni, rudini jikoni. Halafu ukanisimulia juu ya wanawake weusi wa kusini, ambao sheria iliwapa kura kama wenzao, lakini wakifika mlangoni anasimama mtu na maswali magumu, au na rungu, na wanarudishwa.

"Hao ndio walizuiwa, mama," ulisema. "Wengine walijizuia tu."

Ulisema hivyo huku umeniinamia kunitoa jani kwenye kitambaa cha kichwa. Hukujua umenipiga wapi. Mimi nilisema kikapu chako hakijajaa, tuchape kazi.

Kemunto, mimi sikuzuiwa. Nataka nikueleze ile siku ya mlolongo, tulipopiga kura kituo cha chai, kama ilivyokuwa, na si kama nilivyoieleza.

Lakini kwanza ya kabla yake, kwa sababu mtu haanguki siku moja. Ulipokuwa mdogo, baba yako akiwa kwenye kazi ya ujenzi Nairobi, shamba hili lilikuwa mkononi mwangu. Niliingia hapa msichana wa kidato cha pili, tumbo liko mbele, sijui hata michai inakatwa vipi. Aliyenifundisha ni Anti Moraa. Mumewe alikuwa ameshafariki, alikuwa amezoea kuamua peke yake, na alinionyesha mbolea inawekwa lini, vibarua wanaongeleshwa vipi ili wasikucheke. Babu yako naye akaona nafanya kazi, akanikatia kipande cha chai, akaenda mwenyewe hadi kiwandani nikapewa namba yangu ya mkulima. Wazee wenzake walimuuliza, "Unampa mke wa mwana namba, kesho atakupa nini?" Akawaambia, "Atanipa chai ya kunywa, nyinyi wake zenu wanawapa nini?" Kwa namba hiyo nikawa na kura ya kuchagua kamati ya kituo, pale tunapopimiwa majani, sawa na mwanamume yeyote.

Halafu kazi ya Nairobi ikaisha, baba yako akarudi. Sikiliza vizuri, kwa sababu hapa watu humlaumu yeye. Hakunipokonya kitu. Jioni ya kwanza vibarua walikuja kuuliza tunaanzia wapi kesho, wakaniangalia mimi kama kawaida. Mimi nikamwangalia yeye. Hakuwa amekanyaga ile chai kwa muda mrefu, hakujua hata sehemu gani imeiva, lakini nilimwangalia, nikasema, "Mwenye nyumba amerudi, muulizeni." Akababaika, akataja sehemu tuliyokuwa tumechuna jana yake. Hakuna aliyecheka. Wakaenda kuchuna pasipo na kitu, na mimi nikaenda nyuma yao na kikapu. Kwa hiyo uliponiambia habari ya wale wanawake wa viwandani nilijiuliza, je, hakuna hata mmoja wao aliyeondoka kabla ya kuambiwa? Mimi ningeondoka.

Sasa mlolongo.

Unajua tulivyokuwa tunahangaika kituoni. Lori la kiwanda linachelewa, giza linaingia, na hakuna choo. Mwanamke akibanwa anaingia kwenye michai na mwenzake anasimama njiani kumlinda. Mimi na Anti Moraa tulikuwa tunalindana hivyo kila siku, na tulikuwa na utani wetu. Mtu akipita mimi nasema kwa sauti, "Hii chai ina majani makubwa mwaka huu!" na yeye ndani kule ananyamaza kabisa. Siku moja aliyepita alikuwa mchungaji, akasimama kuniombea mavuno. Aliomba sana. Moraa alitoka amechubuka magoti, akasema, "Nikiingia kwenye kamati, kitu cha kwanza ni choo chenye mlango. Cha pili, tupimiwe kwa zamu ya kufika, si hawa wanaume kuja na gunia wakaruka mstari."

Nilidhani ni mzaha. Akachukua fomu kweli. Wa kwanza kumwahidi nilikuwa mimi. Nilimwambia, "Nitakuwa nyuma yako hata ukiwa peke yako."

Aliyeshindana naye alikuwa Onchiri, rafiki wa baba yako. Jioni ya kuamkia uchaguzi alikuja kwetu, mkampikia chai wewe na mdogo wako. Wakati anaondoka baba yako alimshika mkono akasema, "Kesho ni yetu." Ni hayo tu. Hakunigeukia, hakuniambia fanya hivi. Hayo maneno mawili matatu nikalala nayo kama mtu aliyelala na jiwe mgongoni.

Ile siku hukuwepo, ulikuwa shuleni. Ofisa wa kiwanda alisimama juu ya meza ya mizani. Akasema hakuna karatasi, ni kupanga mstari, Onchiri upande wa lango na Moraa upande wa banda, kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka. Watu wakaanza kurukaruka, huyu anahesabiwa huku, anakimbilia kule. Ofisa akakasirika. "Kila mtu ashike bega la aliye mbele yake! Nikiona mkono uko hewani, sihesabu!"

Babu yako akatoka na fimbo yake, polepole, akaenda upande wa banda. Wanaume wakapiga kelele, "Mzee, umepotea! Wanaume wako huku!"

"Mimi najua kwenye nimesimama," akasema. "Nyinyi shikaneni mabega huko kama maharusi."

Kituo kizima kilicheka. Na mimi nilikuwa ndiyo nafika, nikiwa na wanawake wa ukoo wetu nyuma yangu, maana walikuwa wanangoja waone ninakoenda. Nikaona mwisho wa mstari wa Moraa amesimama nani. Babu yako. Baba mkwe wangu. Na ofisa anapiga kelele shikeni mabega.

Wewe unaijua ensoni, huna haja nikufundishe. Unajua sijawahi kumpa babu yako mkono, sijawahi kula mbele yake, akikaa kwenye benchi naketi mbali. Si kwamba tunachukiana. Ndiyo heshima yetu, na ndiyo haya yetu, neno ni moja. Mke wa mwana kuweka kiganja kwenye bega la baba mkwe, mchana, mbele ya watu wote, si jambo la kucheka. Nikasimama. Kila mtu aliona nimesimama kwa nini. Hata wale wanawake nyuma yangu walinong'ona, "Uuwi, atafanya nini sasa?"

Nikageuka, nikaenda upande wa lango. Nikashika bega la mtu wa Onchiri. Na wale wanawake wote wakanifuata.

Moraa alishindwa kwa watu wachache, na hao wachache ni sisi, naweza kuwataja majina. Siku hiyo hiyo nilimwambia ilikuwa ensoni, ningefanyaje. Aliniangalia, akasema, "Ni kweli, ungefanyaje." Uliporudi nikakuambia hivyo hivyo, na ukaniamini zaidi yake.

Kilichobaki ndicho sijakuambia. Nimekata sentensi hii mara kadhaa, utaona hapo juu nilivyochafua.

Babu yako aliniona nikija. Aliielewa shida kabla yangu. Hakugeuka, maana hata kunigeukia ingekuwa kunibana, lakini aliipitisha fimbo yake nyuma, akaishika upande mmoja chini ya kwapa, upande wa pili ukanielekea. Nishike fimbo. Mkono wangu usingekuwa hewani, na bega lake nisingeligusa. Heshima ingebaki nzima, na kura ingehesabiwa. Mzee wa umri ule alifikiri njia hiyo kwa muda wa mtu kupenga kamasi.

Niliiona, Kemunto. Niliiona fimbo ikitikisika kidogo, kama mtu anavyomtikisia ndama kamba. Nikafanya kama mtu ambaye hajaona. Mbele yake wote walikuwa wametazama kwa Moraa, na wanawake wangu walikuwa wanautazama uso wangu. Nilijua ni mimi na yeye tu. Nikachukua heshima yetu, ile ambayo mama zetu walitulea nayo, nikajifunika nayo kama leso ya kukwepa mvua.

Unajua niliogopa nini? Ningependa kukuambia niliogopa kipigo, ungenihurumia. Baba yako hajawahi kuninyooshea mkono. Niliogopa chakula cha jioni. Niliogopa nimwekee ugali na mboga ya chinsaga, aseme asante bila kuniangalia, vijiko vigonge sahani, basi. Jioni moja ya kimya. Kwa hiyo jioni moja nilimuuza mwanamke aliyenikatia kitovu cha mtoto. Ndiyo, wewe.

Na jioni ilipofika baba yako alikaa, akanawa, akasema, "Kumbe ulikuja kwetu? Mimi nilijua utaenda kwa Moraa. Nilikuwa nimeshamwambia Onchiri asikuhesabu."

Nilienda nyuma ya jikoni nikakaa kwenye kuni.

Baada ya hapo babu yako hakuniuliza lolote. Lakini asubuhi moja nilikuwa napita na maji, yeye anakamua, akamwambia ng'ombe, "Tulia wewe. Fimbo yangu haina upupu." Ng'ombe alikuwa ametulia kabisa.

Halafu ikaja ile siku ya wazazi shuleni kwenu. Nimevaa ile nguo ya bluu. Umesimama mbele, sauti yako haitetemeki, umewaeleza wanawake wa Amerika vizuri kuliko ulivyoieleza michai, halafu ukasema sheria ni kitu kimoja na desturi ni kingine, na kwamba una ushahidi wa nyumbani. "Mama yangu alitaka kumpigia kura mwanamke mwenzake. Mila ilimzuia. Yuko hapa leo." Watu wakageuka kunitafuta. Mwalimu wako aliyeketi kando yangu akanishika mkono, akasema, "Pole sana, mama. Hongera kwa binti." Na mimi nikapokea. Nikapokea pole na hongera zote mbili. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Ningeweza kukuambia njiani tukirudi. Ulikuwa na furaha, umeshika ile zawadi ya kamusi. Nikasema moyoni, si leo. Hilo la si leo ndilo limekuwa jina langu.

Sikuelezi haya ili uidharau ensoni. Usije ukasimama darasani ukasema mila za Wagusii ni kamba shingoni mwa wanawake, ukinitaja mimi. Siku ile mila ilikuja kwangu na njia ya kupita. Aliyefunga ni mimi. Wapo wanawake wamezuiwa kweli, kama wale waliokuta mtu mlangoni na rungu, na nikijiweka kwenye mstari wao nawaibia. Hilo ndilo linaloniuma kwenye mfano wako zaidi ya sifa.

Wala sina la kukufundisha kuhusu ujasiri, ningekuwa nao ningekufundisha. Najua tu jinsi woga unavyokuja, maana unanitembelea. Hauji na sura ya woga. Kwangu huja umevaa vizuri. Huja kama adabu, kama amani ya nyumba, kama kungoja wakati mzuri. Hata kwenye ule uchaguzi mkubwa, ndani ya kile kisanduku cha kadibodi, niko peke yangu na kalamu, nilimsikia baba yako akikohoa, na alikuwa kwenye mstari wa nje. Nikapiga alivyotaka yeye. Ndiyo maana nilikuuliza ile siri ya nyumbani. Nilikuwa nauliza kama kuna mwanamke mwingine, hata huko mbali, aliyejikuta ameandamana na mumewe hadi ndani ya sanduku. Ukikutana na hao kwenye vitabu vyako, usiwacheke sana. Lakini usiwasingizie mtu mlangoni kama hakuwepo.

Juzi, ulipoenda kuaga kanisani, nilienda kwa Anti Moraa. Nilimkuta anatandaza mahindi. Nimesimama kama mtoto aliyetumwa chumvi akapoteza. Nikamwambia habari ya fimbo.

Aliendelea kutandaza. Mwishowe akasema, "Nilijua kuna kitu. Yule mzee alibaki na fimbo nyuma mpaka tunahesabiwa. Nikadhani mgongo unamuuma."

Nikasema, "Moraa, nisamehe."

"Ya kura nilishasamehe. Kura hata wanaume wananyimana. Unajua nilichokasirikia?" Akasimama, akajipangusa. "Wale wanawake. Mpaka leo wanasema, tungemchagua Moraa, lakini ensoni. Kila mtu sasa ana ensoni! Onchiri akitaka kitu, wana ensoni. Nikisema tudai choo, wana ensoni. Umewapa blanketi moja, wote wamejifunika."

"Nifanye nini?"

"Si uwaambie."

"Wote?"

"Kwani ulinidanganya mimi peke yangu?"

Akayageuza mahindi kidogo. Halafu akaniuliza kama wewe umepakia blanketi zito, akaenda ndani akakuletea lile la kijani ulilolikuta kitandani. Niliposimama kuondoka nilimwambia, "Siku hizi huniiti nikulinde kituoni."

Akasema, "Siku hizi najizuia mpaka nifike nyumbani."

Jioni nilimweleza baba yako yote. Alikaa kimya, kile kimya nilichokuwa nakiogopa, na nikaona ni kimya tu, mtu anafikiri. Kisha akasema, "Sasa mzee atatucheka mpaka afe." Sijui kama amekasirika. Nimeamua kutomuuliza.

Jumamosi hii ya Sabato, baada ya ibada, wanawake wa kituo watakutana nyumbani kwa Moraa. Nimemwambia nitasimama niseme. Kituo kitachagua tena mwakani na yeye hajakubali kugombea. Amesema kwanza asikie nikisema. Nina matumaini, mwanangu, usinione ninalia tu. Naona kabisa jinsi ninavyoweza kusimama. Lakini naona pia ninavyoweza kufika na chapati, nikazigawa, nikasifu mtoto wa mtu, nikarudi nyumbani. Mimi ahadi nikiwa nayo peke yangu naikunja. Kwa hiyo hii naiweka kwako.

Jumapili usinipigie mimi. Mimi nitakuambia tuko salama na mvua imenyesha, hata kama sikufungua mdomo, na wewe kwa vile unanipenda utaniamini tena. Mpigie Anti Moraa. Muulize, "Mama alisema?"

Atakalokujibu, hilo ndilo uwafundishe.

Nenda salama, mwanangu.

Mama yako,
Kwamboka